Hata Damu Hawakumpima

Shemeji yangu anaishi Coventry. Jioni moja ya Januari alinipigia simu, na kabla sijamaliza kuuliza habari za huko alikuwa ameshapanda juu.

"Shem, hawa watu ni bure kabisa. Mtoto anachemka, nimeomba ruhusa kazini, nimempeleka kwa daktari. Ameangalia koo, ameangalia masikio, amemsikiliza kifua, basi. Ati ni virusi. Ati nimpe maji mengi na parasetamoli, nirudi akizidiwa. Dakika kumi! Hata damu hawakumpima."

Nilikuwa nimekaa nje ya nyumba huku Manyatta, Kisumu, stima zimepotea na mbu wako kazini. Nikampa pole. Akaendelea: "Ingekuwa hapo kwenu, saa hii angekuwa ashapimwa malaria, ashapimwa taifodi, ashadungwa sindano, na tungetoka na dawa nne kwenye bahasha za kaki. Na huku tunalipa!" Kweli wanalipa. Tangu Februari 2024, mgeni mwenye viza ya kuishi Uingereza hutozwa pauni 1,035 kwa mwaka kwa ajili ya huduma ya afya, na mtoto pauni 776, pesa ambayo hulipwa mapema wakati wa kuomba viza. Mtu akishatoa kiasi hicho anatarajia kuona kitu mkononi. Yeye alitoka mikono mitupu.

Nimeyarudia maneno yake kichwani mara nyingi, kwa sababu alikuwa na haki ya kulalamika, ila sababu aliyoitoa haikuwa yenyewe. Mizani aliyoibeba kutoka Kisumu kwenda kupimia madaktari wa Coventry ilikuwa mbovu tangu huku nyumbani. Huko ugenini imeonekana tu.

Tuanze na zile dawa nne. Mkoani kwetu mtu akienda kliniki na joto, majibu yanayorudi kutoka maabara huwa pacha: malaria na taifodi, yameandamana kama chapati na madondo. Taifodi hiyo mara nyingi imetokana na kipimo cha Widal, kilichoanza kutumika mwaka wa 1896. Widal hakitafuti kijidudu chenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili huacha baada ya kupigana na kijidudu hicho au na jamaa zake. Mtu aliyeugua miaka iliyopita anaweza kutoka nazo, aliyechanjwa vilevile, na hata mwenye homa nyingine kabisa. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabarani kuona kama kijidudu chenyewe kimo, kazi inayochukua siku kadhaa na ambayo vituo vingi vya kwetu havina uwezo nayo. Kwa hiyo mgonjwa anapewa viuavijasumu vya ugonjwa ambao huenda hana, homa inapoa yenyewe baada ya siku nne kama homa nyingi zinavyopoa, na sifa zote zinakwenda kwa sindano.

Mimi sicheki watu. Niliwahi kukaa Leicester miaka miwili, na baridi ya kwanza ilinipa kikohozi cha wiki tatu. Daktari akaniambia kitaisha. Nilitoka pale nimejiona maskini wa Mungu, nikampigia shangazi, naye akamtuma mtu aliyekuwa akisafiri aniletee amoksilini, iliyoviringishwa ndani ya soksi. Kikohozi kiliisha wiki iliyofuata, kama daktari alivyosema, na mimi kwa miaka mingi nikaishukuru ile soksi.

Kipimo cha malaria ni hadithi tofauti, na hapa ndipo ile simu ya Januari inapovutia. Shirika la Afya Duniani limeshauri tangu 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Ukanda wa Ziwa ndio wenye malaria nyingi zaidi nchini Kenya: utafiti wa kitaifa wa 2020 ulikuta vimelea kwa asilimia 19 ya watoto wa huku walio kati ya miezi sita na miaka kumi na minne, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 6. Mtoto akipata joto Ugunja, huku Ziwani, kutompima malaria ni uzembe. Mtoto wa Coventry ambaye hajawahi kutoka Coventry, kumpima malaria ni kumtoboa kidole bure. Kitendo ni kilekile, mahali ndipo panapoamua kama ni busara au ni mchezo wa kumfurahisha mama.

Sasa, yule mtoto hakuwa wa Coventry tu. Krismasi yote walikuwa Ugunja, kwa nyanya yake, siku kumi na tisa. Nilikula nao. Niliona akilala kwenye kochi bila neti baada ya kugoma kuingia chumbani na binamu zake. Daktari wa kwanza hakuuliza kama wamesafiri, na shemeji hakusema, kwa sababu kwenda nyumbani kwenu Krismasi haihesabiki kama safari. Safari ni Dubai.

Hiyo ndiyo kasoro ya ile ziara ya kwanza. Dakika kumi zingetosha kama moja kati yake ingetumika kwa swali la "mmekuwa wapi miezi mitatu iliyopita?" Malaria kali ya huku kwetu kwa kawaida hujitokeza ndani ya mwezi mmoja baada ya kuondoka, na karibu visa vyote ndani ya miezi mitatu. Uingereza iliandikisha wagonjwa wapatao 2,000 wa malaria mwaka wa 2023, na wengi wa wale ambao sababu ya safari yao ilijulikana walikuwa wamekwenda kusalimia jamaa zao Afrika. Watu kama shemeji, basi. Kinga kidogo tuliyokua nayo utotoni hufifia tukikaa majuu, na watoto wanaozaliwa huko hawana hata hiyo. Lakini wagonjwa elfu mbili katika nchi nzima ni wachache. Daktari wa mtaa anaweza kufanya kazi miaka bila kumwona hata mmoja, na mwezi wa Januari watoto wenye virusi wanamfikia kwa dazeni.

Siku mbili baadaye joto lilikuwa bado lipo, wakaenda kitengo cha dharura. Aliyewapokea alikuwa sista kutoka Vihiga. (Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa wahudumu wa afya mwaka wa 2021, na hata kabla ya hapo watu wetu walikuwa wameshajaa kwenye wodi za huko.) Sista akamsikia shemeji akimgombeza mtoto kwa Kiswahili, akageuka: "Mama, mlirudi lini kutoka nyumbani?" Baada ya jibu hilo mambo yakaenda mbio. Damu ikatolewa, majibu yakaja jioni hiyo hiyo: hakuna malaria. Wakaambiwa warudi kesho kupimwa tena.

Shemeji akanipigia, safari hii kwa furaha. Hospitali hii ndiyo hospitali. Wamempima damu.

Nikauliza, mtarudi kesho? Akacheka. "Kurudi kufanya nini na hana kitu?"

Ningependa msomaji atulie hapa kidogo. Daktari wa kwanza alisema virusi, na kwa dalili zote vilikuwa virusi. Alipatia jibu, lakini njia aliyoifuata ilikuwa na shimo ambalo mtoto mwingine angetumbukia. Wale wa pili walifuata njia sahihi, ikiwemo ile sehemu iliyomchosha shemeji: kipimo kimoja cha malaria kikitoka hasi hakitoshi, kwa kuwa vimelea vinaweza kuwa vichache mno siku hiyo, ndiyo maana hurudiwa, na kurudiwa tena, kwa muda wa siku mbili tatu. Na hata wao waliifikia njia hiyo kwa sababu sista mmoja alitoka Vihiga. Angekuwa zamu ya usiku, sijui nani angeuliza.

Aliyetufundisha kutenganisha mambo haya alikuwa mhamiaji. Avedis Donabedian alizaliwa Beirut mwaka wa 1919 katika familia ya Kiarmenia, akasomea udaktari huko huko, kisha akahamia Marekani ambako alifundisha Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka wa 1966 alichapisha makala ambayo wapima ubora wa hospitali duniani kote bado wanaitegemea. Alisema ubora unatazamwa kwa madirisha matatu: muundo, yaani majengo, vifaa na watu waliosomea kazi, mchakato, yaani wanachokufanyia, na matokeo, yaani kilichokupata baadaye. Akaonya kwamba dirisha moja halitoshi. Mgonjwa anaweza kupona mikononi mwa daktari mbovu na kufa mikononi mwa daktari bingwa.

Sisi wa Kisumu tumezoea dirisha la kwanza. Hospitali yetu kubwa ya rufaa, inayoitwa Jaramogi Oginga Odinga kwenye karatasi, wenyeji hatujawahi kuiita hivyo tukiwa na haraka. Ni Russia. Ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, ikafunguliwa na Mzee Kenyatta tarehe 25 Oktoba 1969, siku ambayo maneno kati yake na Jaramogi yaliishia kwa risasi kufyatuliwa kwenye umati. Zaidi ya nusu karne baadaye bado tunaitaja kwa aliyeleta simiti. Hakuna wadi hapo iliyopewa jina la ugonjwa iliyoushinda, na nadhani kuna wadi zinazostahili.

Waingereza nao wamewahi kuduwaa mbele ya dirisha lisilofaa. Pale Bristol, watoto waliofanyiwa upasuaji wa moyo miaka ya tisini walikuwa wakifa kupita kiasi. Uchunguzi ulioongozwa na Ian Kennedy, ambao ripoti yake ilitoka 2001, ulikadiria kwamba kati ya 1991 na 1995 walikufa watoto 30 hadi 35 wa chini ya mwaka mmoja zaidi ya ambavyo ingetarajiwa kwingineko. Mzazi aliyekaa kwenye benchi la pale asingeweza kujua. Aliyegundua alikuwa daktari wa usingizi, Stephen Bolsin, aliyeanza kuweka hesabu mwenyewe, na aliyeishia kuhamia Australia.

Lakini usije ukasema basi macho ya mgonjwa hayana kazi. Hospitali ya Stafford, kati ya 2005 na 2009, ilikuwa na wagonjwa waliolala kwenye mashuka machafu na waliokosa hata maji ya kunywa. Kwenye makaratasi ilikuwa inafanya vizuri, na mwaka wa 2008 ikapandishwa hadhi. Jamaa waliokuja kuwalisha wagonjwa wao ndio waliopiga kelele, na uchunguzi wa Robert Francis, uliochapishwa 2013, ukawapa haki. Mama wa Kisumu anayelala chini ya kitanda cha mwanawe wodini angeiona Stafford ilivyo siku ya kwanza. Bristol asingeiona kamwe. Macho yetu ni mazuri kwa kiu, uchafu na dharau. Kwa hesabu ya vifo ni vipofu, na kwa wingi wa dawa yanatudanganya kabisa.

Hata kuridhika kwetu si ushahidi wa kutegemea. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2012, uliowafuata watu wazima zaidi ya 50,000, uliwakuta walioridhika zaidi na madaktari wao wakitumia pesa nyingi zaidi, wakilazwa mara nyingi zaidi, na wakiwa na uwezekano wa kufa uliozidi kwa asilimia 26 wa wale wasioridhika. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba kuridhika kunaua. Ila ningeomba ubandikwe kwenye kila kliniki inayotoa dripu ya manjano kwa mtu aliyechoka na safari ya basi.

Kuna ugonjwa mmoja ambao kwa watu wa Magharibi mwa Kenya unayaleta haya yote pamoja, nao ni selimundu, siko seli kama tunavyosema. Huku Ziwani hakuna ukoo usioujua. England humpima kila mtoto mchanga kwa tone la damu ya kisigino akiwa na siku tano hivi, na siko seli imo katika orodha ya wanayoyatafuta. Mama aliyezaa huko hahitaji kungoja vidole vya mtoto vivimbe ndipo ajue. Huo ni ubora wa hali ya juu, na hauna hata sauti: bahasha inafika nyumbani, basi. Shemeji wangu wa Coventry aliipokea, akaiweka kwenye droo, hakuniambia kamwe kwamba hao watu ni hodari.

Nchi hiyo hiyo, mwaka wa 2019, kijana wa miaka 21 mwenye siko seli alikuwa amelazwa kaskazini mwa London. Akahisi anahitaji oksijeni, akaomba, hakupewa, mpaka akapiga simu ya dharura, 999, kutoka kitandani mwake hospitalini. Alifariki. Kundi la wabunge wa vyama vyote lililochunguza huduma ya ugonjwa huo lilitoa ripoti mwaka wa 2021, na ndani yake wagonjwa, wengi wao weusi, wanaeleza jinsi wanavyodhaniwa kuwa wanatafuta dawa za kulevya wanapolia maumivu. Mwongozo wa taifa wa tangu 2012 unasema mgonjwa wa siko seli aliyefika na maumivu makali apewe dawa ya maumivu ndani ya dakika 30. Hapo kuna kipimo ambacho mtu yeyote mwenye saa mkononi anaweza kukitumia, awe Coventry au Kakamega. Huhitaji kujua Kiingereza cha daktari. Angalia saa ulipoingia, angalia saa ulipopewa.

Vipimo vya namna hiyo ndivyo ninavyowaambia jamaa waondoke navyo, badala ya amoksilini. Kule England kila kliniki ya daktari wa mtaa na kila hospitali hukaguliwa na tume ya serikali, hupewa daraja moja kati ya manne, na sheria inailazimu kulibandika mahali watu wanapoliona. Kusajiliwa kwa daktari wa mtaa hakuna malipo, na ukiona hakufai unaweza kujaribu kwa mwingine. Watu wetu wangapi wanajua? Wanachagua kliniki kwa sababu iko karibu na duka la unga wa ugali.

Na wapo ambao mjadala huu kwao ni anasa. Binti wa Bungoma anayefanya kazi za nyumbani Saudia mara nyingi haendi kliniki anayoitaka, anapelekwa anakopelekwa, kama anapelekwa. Swali lake la kwanza halihusu ubora. Anataka kujua nani anashika kadi yake.

Narudi kwa mtoto. Hawakurudi kesho yake. Asubuhi ya siku ya tatu simu ya shemeji ikalia akiwa kazini, namba asiyoijua. Ilikuwa hospitali: mbona hamkuja? Mtoto ana joto? Anakula? Mnaweza kuja leo saa nane? Alinisimulia akiwa amekereka. "Wananifuata kama mweka hazina wa chama." Walienda, akapimwa, hasi tena, na kufikia Jumamosi alikuwa anaruka juu ya viti.

Mimi nikimsikiliza nilikuwa natamani ile simu. Mama yetu, mama mkwe wake, ana presha na anahudhuria kituo cha afya cha serikali karibu na Ugunja, mabati juu, benchi za mbao nje. Akikosa siku yake hakuna anayempigia. Lakini ana daftari, lile la shule, ambalo wagonjwa wetu hununua wenyewe, na afisa wa kliniki wa pale ana mwandiko unaosomeka. Shemeji alipokuja Krismasi alikiona kituo kile akaona aibu. Mwezi wa Februari akatuma pesa, mama ahamishiwe hospitali ya kibinafsi mjini, yenye vigae vinavyong'aa na runinga mapokezini.

Mama akakataa. Nikamuuliza kwa nini, akanifungulia daftari. Kurasa mbili zilikuwa na tarehe upande mmoja na namba upande wa pili, mwezi baada ya mwezi: 172 kwa 100, 168 kwa 98, dawa imebadilishwa, 150 kwa 92, dawa imeongezwa, 138 kwa 84, 134 kwa 82. "Huko mjini," akasema, "wanajua presha yangu ya mwaka jana?"

Nilipiga picha zile kurasa mbili nikamtumia shemeji kwa WhatsApp, bila maelezo. Alijibu baada ya saa moja.

"Hii ni nini sasa, Shem? Nimesema nitumie picha ya hospitali. Na uulize kama wana lifti."